Jani na Mti

Katika miaka yangu ya ualimu nimehakiki riwaya, tamthiliya na diwani nyingi, na nimewafundisha walimu-wanafunzi kufanya vivyo hivyo kwa njia ile tuliyoizoea sote: kwanza maudhui, kisha fani, na mwisho kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Leo nawaomba radhi wenzangu wa fasihi, kwa sababu nataka kuitumia njia hiyo hiyo kuhakiki kazi ambayo hakuna mwanachuo aliyepata kuulizwa juu yake katika mtihani. Ni faili moja fupi la maandishi linalokaa ndani ya kompyuta za jamii ya Unix, hasa zile kubwa ziitwazo seva. Jina lake ni fstab, na makao yake ni ndani ya folda iitwayo etc. Aghalabu halizidi mistari kumi. Pamoja na ufupi huo, kutolijua kwangu kulinifanya nimdhulumu mtu, na hiyo ndiyo sababu ya kuliandikia.

Nianze na kazi yenyewe inahusu nini. Msomaji aliyezoea kompyuta za Windows anajua kuwa kila diski ina herufi yake: C, D, E na kuendelea. Unix haina herufi hizo. Ndani yake mna mti mmoja tu, wenye mzizi mmoja, na kila faili ni jani katika tawi fulani la mti huo. Ukileta diski ya pili, huipi herufi. Huitafutia mahali katika mti uliopo na kuipachika hapo. Mafundi wetu husema "kumaunti", lakini mimi naona neno kupachika latosha, tena halinikumbushi mauti.

Fikra hii ni ya zamani. Ken Thompson aliianza Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey, Marekani, na kitabu cha kwanza cha maelekezo yake, cha Novemba 1971, tayari kilikuwa na amri ya kupachika diski. Mwaka 1974 Thompson na mwenzake Dennis Ritchie waliitangaza Unix kwa wataalamu, na katika makala yao walieleza jambo hili kwa mfano ulionivutia kama mwalimu: ni kama kuliondoa jani moja la mti na mahali pake kupachika mti mzima wenye matawi yake. Anayepita hapo haoni kiungo. Anatoka tawi moja kwenda jingine, asijue kwamba amevuka kutoka diski hii hadi ile.

Mfano huo ni mzuri, na ubora wake upo. Lakini mwanafunzi mdadisi angenyoosha mkono na kuuliza: Mwalimu, lile jani lililoondolewa limekwenda wapi? Swali hilo mimi sikuuliza. Laiti ningeliuliza mapema.

Sasa, kupachika ni tendo la muda tu. Kompyuta ikizimwa, vyote hubanduka. Ikiamka, inaujua mzizi tu, na lazima iambiwe upya kila diski ikae wapi. Hapo mwanzo amri hizo ziliandikwa moja moja ndani ya faili la maelekezo ya kuamka. Mwaka 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, katika toleo lao la Unix liitwalo 4.0BSD, walileta fstab: orodha moja inayosomwa na programu zote zinazohusika, ile ya kupachika, ile ya kukagua diski na ile ya kutengeneza nakala za akiba. Wakati huo kila mstari ulikuwa na sehemu tano zilizotengwa kwa nukta mbili. Siku hizi, katika Linux, ni safu sita zilizotengwa kwa nafasi. Mstari wenyewe huwa hivi:

/dev/sdb1   /taaluma   ext3   defaults   0   2

Safu ya kwanza inataja kitu, yaani diski au kipande chake. Ya pili inataja mahali kitakapopachikwa. Ya tatu ni aina ya mpangilio wa mafaili yaliyomo. Ya nne ni masharti. Ya tano inahusu nakala za akiba, na ya sita inasema diski ikaguliwe kwa zamu ipi kompyuta inapoamka: mzizi hupewa 1, nyingine 2, na 0 maana yake isikaguliwe.

Neno hilo "taaluma" sikulichagua kwa kupamba. Ndilo lililokuwa jina la folda ya Ofisi ya Taaluma katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake, na sasa sina budi kueleza yaliyotokea.

Mwaka 2008 chuo kilikuwa na seva moja ya Linux. Mwezi wa Juni diski yake ilikaribia kujaa, na fundi wetu, kijana wa mkataba, akaongeza ya pili kwa ajili ya alama za wanachuo. Akaipachika kwa mkono, akaonyesha kwamba inafanya kazi, nasi tukampongeza. Mstari wa kuiandikisha katika fstab hakuuandika. Kwa miezi mitano hakuna aliyejua kwamba mstari unakosekana, kwa sababu seva haikuzimwa hata mara moja.

Novemba umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi seva iliamka yenyewe, ikasoma fstab, haikuona habari ya diski ya pili, ikaendelea na shughuli zake. Fundi alikuwa kwao, msibani. Karani wa taaluma akafungua folda yake akaikuta tupu. Alikuja ofisini kwangu hana rangi. Nilimwambia mambo ya zamani tutayatafuta fundi akirudi, lakini alama za mazoezi ya kufundisha zilizoletwa wiki ile ziingizwe mara moja, maana fomu zake zilitakiwa ziende kanda kwa gari la siku ya tatu. Folda ile tupu ilikuwa na ruhusa zile zile za kuandikia, kwa hiyo haikumkatalia. Aliandika siku tatu, mpaka usiku. Fomu zikaondoka.

Siku ya nne fundi alirudi. Aliniamkia, akaketi mbele ya mashine, akaandika amri moja, na alama zote za zamani zikaonekana. Furaha ile haikudumu saa nzima. Karani alirudi mbio akasema kazi yake ya siku tatu haipo.

Nilimwita fundi. Akasema, "Mkuu, mimi sijafuta kitu."

Nikamwuliza, "Kabla hujagusa mashine kazi ilikuwapo?"

"Karani anasema ilikuwapo."

"Na baada ya kugusa?"

Akanyamaza. Alikuwa kijana, nami nilikuwa Mkuu wa Chuo, na hoja yangu ilionekana haina upenyo. Nilimwandikia barua ya kujieleza. Majibu yake yalikuwa mistari minne yenye adabu ambayo haikunitosheleza. Mkataba wake ulipokwisha Desemba, sikuuhuisha. Wanachuo walisubiri majibu yao wiki kadhaa mpaka nakala za fomu zilipopatikana kanda.

Mwaka 2010, nilipokuwa najiandaa kukabidhi ofisi, mkufunzi mpya wa kompyuta alihamisha kumbukumbu kwenda mashine mpya. Akaibandua ile diski ya pili. Kisha akaniita: "Mwalimu, njoo uone, hapa chini mna kitu." Katika folda ile ile ya taaluma, kwenye diski ya kwanza, yalikuwamo mafaili yenye tarehe za Novemba 2008. Kazi yote ya karani ya siku tatu ilikuwa pale, haikupungua hata alama moja. Lile jani halikwenda popote. Lilikuwa chini ya mti uliopachikwa juu yake.

Kwa hiyo fundi alisema kweli. Hakufuta kitu. Amri yake ilifunika, na alichokifunika yeye mwenyewe hakukijua. Kosa lake halisi, la kutouandika mstari mmoja, mimi sikulijua. Nikamhukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Baada ya kustaafu nilijipa kazi ya kulisoma jambo hili mpaka nilielewe, na hapo ndipo nilipoanza kuliona fstab kama maandishi yanayostahili uhakiki. Nilikuwa nikiwaambia walimu-wanafunzi kwamba darasa zima likifeli swali moja, msianze na fimbo; kitazameni kwanza kitabu. Nataka sasa nikitazame kitabu.

Nianze na fani. Muundo wa fstab ni wa jedwali, na maana ya kila neno inategemea nafasi yake katika mstari. Huu ni ufupi wa hali ya juu, lakini ni ufupi unaomtegemea msomaji anayejua tayari. Zile tarakimu mbili za mwisho hazisemi lolote kwa mgeni. Linganisha na AIX, ambayo ni Unix ya IBM: faili lake la kazi hii huandika kila sifa kwa jina lake, mstari kwa mstari, hata anayeanza anaweza kukisia. Linganisha pia na Solaris, ambako faili liitwalo vfstab lina safu saba, na mojawapo hujibu kwa ndiyo au hapana kama diski ipachikwe mashine inapoamka. Katika fstab swali hilo halina safu. Ukikaa kimya, jibu ni ndiyo. Ukitaka hapana, unaandika neno "noauto" katikati ya masharti mengine. Swali kubwa kuliko yote limekosa safu yake, huku safu ya tano, ya nakala za akiba, ikihudumia programu iitwayo dump ambayo mafundi wengi wa leo hawajawahi kuitumia. Inajazwa 0 vizazi na vizazi, kama kile kisanduku cha fomu ambacho kila mwaka tulikijaza "haihusiki" na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Lugha yake nayo ni kali. Kwa kuwa nafasi ndiyo inayotenga safu, jina la folda lenye nafasi ndani yake haliwezi kuandikwa kama lilivyo. Mahali pa nafasi lazima uandike \040. Nawahurumia waliojifunza jambo hilo usiku wa manane.

Udhaifu mwingine wa lugha ulikuwa katika safu ya kwanza. Jina kama /dev/sdb1 halitaji diski yenyewe. Linataja zamu ambayo diski ilionekana mashine ilipokuwa inaamka. Ongeza diski nyingine, au badilisha waya, na sdb ya jana inaweza kuwa sdc ya leo. Ni sawa na mwalimu anayewaita wanafunzi kwa nambari za madawati: siku wakibadilishana viti, alama za Juma anazipata Asha. Dawa yake ni UUID, nambari ndefu ya utambulisho inayoandikwa ndani ya diski na kwenda nayo popote. Ina herufi na tarakimu thelathini na mbili zilizogawanywa kwa vistari. Kwa jicho haisomeki, lakini haidanganyi, nami nimeona kwamba hapa ukweli umepewa haki yake mbele ya uzuri. Anayetaka vyote viwili anaweza kuipa diski jina la kawaida na kuitaja kwa jina hilo.

Sasa maudhui. Wengi watasema faili hili linahusu diski. Mimi nasema dhamira yake kuu ni swali la nini ni cha lazima. Kila mstari, ukiusoma vizuri, unamwuliza fundi: kitu hiki kikikosekana asubuhi, mashine iendelee au isimame?

Majibu yamebadilika kwa nyakati. Mifumo ya zamani ya kuamshia Linux, ikishindwa kupachika diski ya kawaida, aghalabu iliandika onyo kwenye skrini na kuendelea. Ikiwa diski iliyokosekana ilitakiwa kukaguliwa, yaani ilikuwa na 2 katika safu ya sita, mashine ilisimama na kuomba nywila ya msimamizi. Kwa maneno mengine, uamuzi mzito wa kusimama au kuendelea ulijificha katika tarakimu iliyokusudiwa jambo jingine kabisa. Fundi aliyeandika 0 ili mashine iamke upesi alikuwa amekubali, pasipo kujua, kwamba siku diski ikikosekana watu wataandika kwenye folda tupu.

Kuanzia mwaka 2010 ulikuja mfumo uitwao systemd, ambao leo unaamsha sehemu kubwa ya seva za Linux. Wenyewe hulisoma fstab na kuligeuza kuwa amri zake. Kwa kawaida diski iliyoandikwa ikikosekana huisubiri sekunde 90, kisha huacha safari ya kuamka na kuingia katika hali ya dharura, mpaka mtu aje mbele ya mashine. Fundi asiyetaka hivyo lazima aandike "nofail", maana yake kukosekana kwa diski hii kusizuie mengine. Wako waliolalamika, na malalamiko yao yana msingi: seva iliyo mbali, isiyo na mtu wa kuigusa, inaweza kulala siku nzima kwa sababu ya diski ya akiba ambayo mtu aliichomoa akasahau. Lakini mimi, kwa yaliyonipata, nawaunga mkono walioamua hivyo. Seva ingesimama Novemba ile, tungepoteza siku tatu za kazi ya mashine. Ilipoendelea kwa ukimya, tulipoteza zaidi.

Hata hivyo nisiufiche ukweli: kwetu mstari haukuwamo kabisa, na mfumo wowote, wa zamani au mpya, usingelijua jambo usiloambiwa. Hapo lawama ni ya fundi, na kidogo ni yangu, kwa kuwa nilipokea kazi baada ya kuona inafanya kazi mara moja, bila kumwomba aizime mashine na kuiwasha tena mbele yangu. Kukagua kazi ya namna hii kwa kuitazama tu ni kukagua andalio la somo bila kuingia darasani.

Nifike sasa katika kufaulu na kutofaulu. Waandishi wa fstab wamefaulu kuweka mambo yote mahali pamoja, katika maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma, kuyachapa na kuyabandika ukutani. Wamefaulu pia kudumu: fundi wa 1980 akifufuliwa leo atalitambua faili hili kwa kulitazama tu.

Wameshindwa katika jambo moja, nalo si dogo. Kazi hii inaeleza kitakachowekwa lakini haisemi kitakachofunikwa. Nimeusoma ukurasa wa maelekezo wa fstab ulio katika Linux. Unaeleza kila safu kwa uangalifu, lakini habari kwamba vilivyomo katika folda vitafichika mara diski ipachikwapo juu yake hutaikuta hapo. Imo katika ukurasa mwingine, ule wa amri ya kupachika, katika sentensi moja iliyo katikati ya mengine mengi. Haki ya kisheria imetendeka, maana imeandikwa. Haki ya ualimu haijatendeka, maana haikuandikwa mahali ambapo mwanafunzi angekosea.

Mafundi wazuri wamejitungia wenyewe kile ambacho kitabu hakikuwafundisha. Wengine, kabla ya kupachika diski kwa mara ya kwanza, huifunga folda tupu kwa amri ya chattr ili hata msimamizi asiweze kuandika ndani yake. Diski isipokuwapo, karani anakataliwa papo hapo. Wengine huzifanya programu za nakala za akiba ziulize kwanza kwa amri ya mountpoint kama kweli kuna kitu kilichopachikwa. Wakishaandika mstari mpya, hulijaribu faili kwa mount -a au findmnt --verify kabla ya kuizima mashine, si baada. Na wako wanaoacha ndani ya folda tupu kijifaili kimoja ambacho jina lake pekee ni onyo. Diski ikiwa mahali pake, kijifaili hicho hakionekani. Isipokuwapo, karani akifungua folda anakutana na maneno: DISKI HAIPO, USIANDIKE HAPA. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamwambia mtu, kwa lugha yake, wakati ule ule anapohitaji kuambiwa.

Mwaka 2011 nilipata nambari ya simu ya yule fundi kutoka kwa karani. Nilikaa nayo wiki mbili. Nilipopiga, aliniamkia "Shikamoo Mkuu" kama zamani, ijapokuwa sikuwa Mkuu tena. Nikamweleza tulichokikuta chini ya diski, na kwamba barua yangu ilikuwa ya makosa, na kwamba nimemwandikia Mkuu aliyenipokea ili iondolewe katika jalada lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yalishapita, na kwamba alikwisha pata kazi nyingine. Alipotaka kuaga akaniuliza, "Na ule mstari, Mzee, mliuandika?"

Nikamwambia mkufunzi mpya ameuandika, akaizima mashine na kuiwasha tena mara mbili mbele ya macho yangu.

"Basi vizuri," akasema.